Pango Lililojaa Mawe

Hotuba kwa wazazi wa shule moja ya msingi, mtaa wa Majengo, Goma

Kitendawili!

Asanteni. Nina pango langu, limejaa mawe.

Nimesikia mtoto pale dirishani anajibu "Goma!" Mwacheni, hajakosea sana. Mtoto wa Majengo anaamka juu ya jiwe jeusi la volkano, ukuta wa kwao ni jiwe hilohilo, na akipanda pikipiki kwenda kwa shangazi yake Ndosho anafika mbavu zimelegea kwa mawe. Afikirie pango gani jingine? Ila mama mwenye kitenge cha kijani hapa mbele amelipata: kinywa na meno.

Bwana Direkta, walimu, baba zangu na mama zangu. Direkta aliniomba nije niwaambie habari za kupiga mswaki, dakika 20. Mswaki mnaujua. Asubuhi na jioni, usiku usiusahau, na dawa ya meno yenye floridi. Nimemaliza mswaki. Dakika zilizobaki nataka niwaonyeshe kitu nilichokibeba mkobani.

Hiki ni kichupa cha dawa ya kikohozi ya watoto, nimekiosha. Ndani kuna jino. Msishtuke, si la mgonjwa. Jino la mgonjwa sina ruhusa ya kutembea nalo mjini. Hili ni langu mwenyewe, lilitoka kinywani mwangu mwaka jana.

Kwa wasionijua: mimi si dantisti, yaani daktari wa meno. Dantisti amesomea miaka mingi, na wengi wao wakishasomea Kinshasa hawarudi huku kwetu. Mimi ni muuguzi kwenye chumba cha meno. Nilianza kwa kushika taa na kuosha vyuma, Dokta wetu wa meno akanifundisha kupiga ganzi, baadaye akanifundisha kung'oa, naye akisimama nyuma yangu. Imefika miaka 19. Kwa miaka yote hiyo nimewaambia watu "fungua, usiogope, utasikia kusukumwa tu". Mwaka jana nikalala mimi kwenye kiti kile, taa ikanipiga machoni, nikasikia sentensi yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

Sogeeni kidogo. Ni gego la chini, upande wa kulia. Hapo juu lina tundu. Kichwa cha njiti ya kiberiti kinaingia. Ubavuni lina mistari ya kahawia. Chini lina mizizi miwili, na mmoja hauna ncha. Ncha iko peke yake, ile punje inayocheza chini ya kichupa kama mchele uliovunjika. Nitarudi kwenye punje hiyo, ndiyo iliyonifanya nije na kichupa.

Tuanze na mistari ya kahawia, kwa sababu naona vijana wawili pale nyuma wamefunga midomo. Fungueni, wanangu, hamna kosa. Mimi nilikulia Kibati, chini ya mlima. Maji yetu yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye mabati mpaka kwenye pipa. Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, zinatoa moshi wenye floridi, mvua ikipita katika moshi ule inashuka nayo. Floridi kidogo inalitia jino nguvu, ndiyo maana tunaiweka kwenye dawa ya meno. Ikizidi wakati jino bado linajengwa ndani ya taya, yaani tangu mtoto azaliwe mpaka miaka 8 hivi, jino linatoka na madoa meupe kama chokaa, au ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Na kuchemsha hakusaidii hapa: kunaua vijidudu, floridi inabaki palepale, tena kwenye maji yaliyopungua.

Lakini doa si uozo. Aliwahi kuja binti mmoja, wiki tatu kabla ya harusi yake, akitaka nimng'oe meno mawili ya mbele kwa sababu ya kahawia, awekewe ya bandia meupe. Meno mazima kama mawe ya mto! Nikamrudisha nayo. Alinichukia siku ile. Harusini nilialikwa, na kwenye picha zote anacheka.

Sasa tundu.

Tuna msemo kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Kwa ugomvi wa nyumbani na viongozi wabaya sawa, utumieni. Kwa jino lenyewe umewaponza watu wengi, maana mtu akiona weusi kidogo anajiambia: mwisho wake ni kung'olewa, basi ningoje likomae. Jino si ndizi, jamani. Tundu dogo linasafishwa na kuzibwa, unaondoka na jino lako. Tundu likifika kwenye neva, ule mshipa wa fahamu ndani ya jino, bado kuna kazi ya kusafisha njia za ndani ya mizizi na kuzijaza, ingawa hiyo inataka vifaa, safari kadhaa na dola ambazo wengi wetu hatuna. Kung'oa ni mlango wa mwisho kabisa. Ila wengi wanapokuja kwetu, milango mingine imeshafungwa.

Na mimi nilifanya hivyohivyo. Niseme ukweli mbele ya Direkta na watoto dirishani: nililijua tundu hili miaka miwili. Nikinywa chai ya moto linaniuma kidogo, nikitafuna muwa linauma zaidi. Kila siku niko hatua mbili kutoka kwenye kiti, na kila siku namwambia Dokta "kesho". Nilikuwa naogopa. Mtu wa miaka 47, mwenye kushika koleo kila siku, naogopa sindano ninayowapiga wenzangu.

Usiku mmoja wa mvua kubwa likaamka lenyewe. Silo lile la chai na muwa. Hili lilikuwa linapiga kama ngoma, pamoja na moyo, na nikilala ndiyo linapiga zaidi. Nikakaa kitini mpaka asubuhi na karafuu shavuni. Karafuu inatuliza kidogo, sikatai. Kuna mengine nimeyaona ambayo nayakataa: tembe ya aspirini iliyokandamizwa juu ya ufizi, ikauchoma ufizi mpaka ukawa mweupe kama karatasi; tumbaku; na kijana mmoja fundi wa magari aliyetia maji ya betri. Alipona jino kwa maana kwamba hakuwa na jino tena, wala kipande cha ufizi.

Siku ya tatu likanyamaza.

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, nami nilidanganyika nikijua. Maumivu yakiisha bila dawa, jino halijapona. Neva imekufa. Kilichokuwa kinapiga kelele kimezimwa, na uozo sasa unashuka kimyakimya kwenye ncha ya mzizi, ndani ya mfupa. Nilipata wiki tatu za amani. Jumapili moja, katikati ya wimbo, mwenzangu wa kwaya akaniuliza, "Mama, umeweka pipi shavuni?" Sikuwa na pipi. Shavu lilikuwa linavimba.

Uvimbe wa shavu, nenda kwa muganga wa meno kesho yake asubuhi. Lakini sikilizeni tofauti hii, ni ya uhai na kifo: uvimbe ukiwa chini ya kidevu, shingo inakuwa ngumu, ulimi unainuka, mtu hawezi kumeza mate wala kufungua kinywa, huyo asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali kubwa usiku uleule, hata kama ni kukodi gari la jirani. Anaweza kuzibwa pumzi. Na hapana kupita farmasi kununua amoksisilini mbili na kungoja. Dawa hizo hupunguza moto, kuni ziko palepale.

Jumatatu nikalala kwenye kiti.

Kitu cha kwanza Dokta alichoniuliza: "Umekula?" Nilikuwa nimekula uji. Nawaambia hili kwa sababu watu wanakuja na njaa, wanadhani ni kama upasuaji wa tumbo. Kwa ganzi ya meno ule kwanza. Anayezimia kwangu karibu kila mara ni yule aliyetoka Sake tangu alfajiri tumbo tupu. Halafu akaniuliza maswali ninayowauliza ninyi, na mimi mnanidanganya: presha? sukari? dawa za kufanya damu iwe nyepesi? moyo? kuna dawa inayokudhuru? una mimba? Mwenye mimba anaweza kung'olewa, na miezi ya 4 mpaka ya 6 ndiyo mizuri zaidi, ila aseme. Mwenye virusi vya ukimwi naye aseme bila haya. Tunaosha vyuma vya kila mtu kwa namna moja.

Na kuhusu vyuma: una haki ya kuuliza vimepikwa wapi. Maji ya moto kwenye sufuria hayatoshi. Otoklavu, ile chungu ya mvuke, inataka nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi, na umeme ukikatika kati tunaanza upya, hata kama foleni inanung'unika. Kuna watu sokoni wanang'oa kwa koleo moja, mgonjwa kwa mgonjwa, wakiisuuza kwenye kopo. Bei yao ni nafuu. Lakini koleo ile inaweza kukupa homa ya ini ya aina B kutoka kwa mtu ambaye hutamwona maisha yako yote.

Sindano. Taya la chini ni gumu, mfupa wake mnene, kwa hiyo hatupigi kando ya jino tu. Tunaenda nyuma kabisa, pale neva inapoingia kwenye taya, tuizime njia nzima. Dokta akapiga. Moyo ukakimbia kidogo, hiyo ni adrenalini iliyochanganywa na lidokaini, inapita. Baada ya dakika chache nusu ya mdomo wangu ikawa ya mtu mwingine. Akaligusa jino, nikaruka! Mdomo ulikuwa umelala, jino liko macho. Usaha unaharibu kazi ya ganzi; mahali palipovimba sindano haishiki vizuri. Huo ndio ushuru wa "kesho" zangu zote. Akaongeza nyingine, akangoja, akagusa tena. Kimya.

Mwanya mdogo hapa, mnivumilie. Mwaka 1844 kule Hartford, Marekani, dantisti aitwaye Horace Wells alikwenda kwenye onyesho la gesi ya kuchekesha. Akaona mtu aliyeivuta amejigonga mguu akatoka damu, wala hana habari. Kesho yake Wells akakaa mwenyewe kwenye kiti, akaivuta, mwenzake akamng'oa gego. Nampenda mtu huyu kwa sababu alianza na kinywa chake. Lidokaini yetu imekuja nyuma sana, ilitengenezwa Uswidi mwaka 1943. Kabla ya watu hawa, mfalme na mchunga mbuzi walilia kwa sauti moja. Nanyi mmezaliwa baada yao, kwa hiyo asiye na ganzi asikuguse.

Basi. Watu wanadhani kung'oa ni kuvuta. Ningekuwa navuta, mabega yangu yangekwisha zamani. Kwanza chuma chembamba kinapita kati ya ufizi na jino, kulitenga. Halafu chuma kingine kinaingia kati ya jino na mfupa, kinazungushwa kidogo kidogo, mpaka jino liyumbe. Ndipo inakuja koleo, sisi tunaiita davie. Davie haivuti: inasukuma kwenda chini, kuelekea mzizi, halafu inalilaza jino upande wa shavu, upande wa ulimi, shavu, ulimi, polepole, na tundu la mfupa linapanuka. Ni kama mtu anayetaka kung'oa mti wa uzio bila kuuvunja. Jino linatoka lenyewe mwishoni, kwa uvivu.

Nilichokuwa sikijui ni sauti. Kwa miaka 19 nilikuwa upande ambao hausikii kitu. Ukiwa chini, sauti haiji kwa masikio, inapita kwenye mfupa: krrr, kama chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, iliyobeba makaa inapinda kona. Maumivu hakuna. Kusukumwa kupo, na "kusukumwa tu" ni uongo mdogo ambao sitausema tena. Ni kusukumwa sana. Nilitaka kumwuma Dokta.

Halafu, tak.

Dokta akanyamaza. Mimi najua kunyamaza kule. Nimenyamaza hivyo mara nyingi, nikitazama koleo langu na kuhesabu. Gego la chini lina mizizi miwili. Gego la juu kwa kawaida lina mitatu. Na kilichokuwa mbele yake kilikuwa mzizi mmoja na robo tatu ya wa pili. Akaniambia, "Ncha imebaki. Nipe muda." Akaitafuta, akaosha, akaitafuta. Ikachukua dakika 25 zaidi ya kung'oa kwenyewe. Akaitoa, akaiweka kwenye gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, mbele ya macho yangu, ndiyo punje hii.

Nawaomba jambo moja katika habari yote ya kung'oa. Mkimaliza, kabla hamjasimama, ombeni kuliona jino lenu. Si kulichukua lazima, kuliona. Muulizeni aliyeling'oa: mizizi iko mingapi, imetoka mizima? Mzizi kuvunjika si aibu wala si ujinga, unamtokea hata bingwa, hasa jino likiwa limeoza kama langu. Wakati mwingine kincha kidogo kisicho na ugonjwa kinaachwa kwa makusudi, kwa sababu kukifuata kutaleta hasara kubwa zaidi. Lakini mgonjwa aambiwe. Nilipokuwa na miaka 22 niling'olewa jino la juu mahali pamoja, sipataji, nikaambiwa "limekwisha, nenda". Nikaishi na mzizi ndani miaka 3, ukinivimbisha na kupoa, na kila nikienda naambiwa ni ufizi. Hakuna aliyenionyesha jino lile. Nami sikuomba kuliona, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kutoka kwenye chumba kile.

Nikapewa gozi, niiume nusu saa bila kuongea. Nikapanda pikipiki. Motari anaongea nami tangu mzunguko wa Chukudu, ananiuliza habari za bei ya sukari, habari za mvua, mimi namwangalia tu kwa jicho moja, mdomo umeshuka upande. Akadhani nimekasirika kwa bei aliyonitajia. Tulipofika akaniambia, "Mama, basi punguza 500." Nikampa bei yake kamili kesho yake, nilipopata mdomo.

Nyumbani nikamkuta mama yangu ameshachemsha maji ya chumvi, sufuria nzima.

"Sukutua, mwanangu, utoe uchafu."

"Hapana, Mama. Leo hapana. Kesho."

"Kesho? Kidonda kinaoshwa leo. Nimelea watoto saba."

"Mama, tafadhali."

"Au wewe ndiye muganga sasa?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo kazi yangu."

Akaenda kulalamika kwa jirani. Mama yangu ana haki kuhusu chumvi, siku tu ndiyo aliikosea. Jino likitoka, shimo linajaa damu, damu inaganda. Lile bonge jeusi lina sura mbaya, lakini ndilo bandeji, na ndani yake nyama mpya inaota. Ukisukutua siku ya kwanza, ukitematema, ukivuta soda kwa mrija, ukivuta sigara, bonge linatoka na mfupa unabaki uchi. Halafu siku ya pili mpaka ya nne yanakuja maumivu kuliko ya jino lenyewe, yanapanda mpaka sikioni, na kinywa kinanuka. Ndiyo watu wanarudi wakisema "mmeniharibu". Mara nyingi ukimwuliza, alikuwa nganda, kwenye baa, jioni ileile. Kwa hiyo siku ya kwanza: kitu baridi shavuni, chakula laini kisicho moto, upande mwingine, parasetamoli, si aspirini, maana aspirini inalegeza damu. Mate ya rangi ya waridi usiku wa kwanza ni kawaida, usibadilishe mto kwa hofu. Damu ikijaa kinywani, uma gozi safi nusu saa, na isipokoma rudi. Kuanzia kesho yake, hapo mnisikilize kama mama yangu: maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, baada ya kila mlo.

Lipo jambo jingine la kung'oa ambalo nalisema haraka kwa sababu linanikasirisha. Mtoto mchanga ana homa, anaharisha, mtu anakuja kusema ana meno mabaya, ibyinyo, na anatoboa ufizi kwa chuma au kwa spoki ya baiskeli, anatoa vitu vyeupe laini kama mnyoo. Vile si mnyoo. Ni chonge za mtoto ambazo hazijakomaa, alizopewa na Mungu, na homa na kuhara kwake vinatokana na maji machafu au malaria. Watoto wanakufa kwa damu na pepopunda. Mpeni mtoto maji ya chumvi na sukari yale ya pakiti, mkimbilie sentri ya afya. Jirani anayewashauri vinginevyo, hata kama ni ndugu yenu, mkatalieni.

Sasa ninyi wazazi wa darasa la kwanza na la pili, hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu kitendawili.

Jino hili kichupani liliota kinywani mwangu nikiwa na miaka 6. Hamkumbuki la wenu, na mama yangu hakumbuki langu. Meno ya mbele mnayakumbuka wote: linalegea, mtoto analicheza na ulimi wiki nzima, linatoka, linatupwa juu ya mabati ili aletewe jipya, nyumba nzima inacheka pengo. Gego hili halikutupiwa jino lolote kwenye mabati. Linaota nyuma ya meno yote ya utoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu, bila kung'oa mwenzake, bila homa ya maana. Linakuja kama mgeni wa usiku. Mzazi akiliona lina tundu jeusi mtoto akiwa na miaka 8, anasema, "Acha, ni la utoto, litabadilishwa." Halibadilishwi. Ndilo lililopewa kutafuna mpaka uzeeni, na ndilo ninalong'oa mara nyingi kuliko mengine yote. Juu yake lina mifereji, mandazi na biskuti vinaganda humo, na mkono wa mtoto na mswaki wake hauifiki.

Usiku huu, mtoto wa miaka 6 au 7 mlazeni kichwa mapajani. Washa tochi ya simu. Hesabu kutoka katikati kwenda nyuma: la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Hayo 5 ni ya utoto, au mapya yaliyochukua nafasi zao. La 6, ndilo. Likiwa jeupe, mpigie mswaki wewe mwenyewe, mswaki ukiingia kwa upande. Likiwa na doa jeusi linalonasa chakula, mlete mwezi huu, tulizibe. Mkija mtanikuta asubuhi, na nikiwa nimevaa barakoa mniambie tu "pango", nitajua mmetoka hapa.

Kichupa kianzie kwa Mama wa kitenge cha kijani, kipite safu kwa safu, watoto wa dirishani nao wakione. Hesabuni mizizi. Msikifungue, na ile punje isipotee, tafadhali. Dakika 25 zile nilizilalia mimi.